Neno la Sikioni

Mke wangu ni mwalimu, na watu wote humwita Mwalimu, hata mimi nyumbani, hasa nikiwa na kosa. Siku za kazi anafundisha jiografia shule ya sekondari. Jumamosi anafundisha kipaimara katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa, ule wenye kabati la majoho ya kwaya ambalo mlango wake haufungi. Mimi ni fundi wa majokofu. Mambo mazito ya imani nawaachia wenyewe, ila benchi langu la kanisani nalijua na nalo linanijua. Yaliyotokea mwaka huu nayasimulia kwa sababu na mimi mkono wangu umo.

Kwanza nikueleze neno la sikioni. Kanisani kwetu, Jumapili moja kabla ya Askofu kuja kuwawekea vijana mikono, mwalimu wao huwaita mbele mmoja mmoja. Kijana anapiga magoti, mwalimu anamwekea mkono kichwani, anainama na kumnong'oneza neno sikioni. Si mstari wa Maandiko, wala si zile nasaha za kila siku za kuwatii wazazi. Ni kitu ambacho mwalimu amekiona kwa kijana huyo, huyo tu, muda wote wa mafundisho, na sasa anamwambia mbele za Mungu. Wengine hawalisikii, na mwenye neno halitangazi. Pale kanisani kuna watu wazima, wenye vipara na wajukuu, ambao mpaka leo wanatembea na la kwao.

La mke wangu aliniambia mara moja tu, mwaka tuliooana. Usichanani mwake alikuwa mcheshi, akifungua mdomo darasa zima halina mbavu. Mwalimu wake wa wakati ule, mama mmoja mkunga, mkali, alimwinamia akamwambia: "Unacheka ili usiulizwe. Mungu anakuuliza." Basi, hayo tu. Alilia mpaka kola ikalowa, kwa sababu baba yao alikuwa ameondoka nyumbani na hakuna mtu aliyekuwa akiwauliza kitu. "Pale ndipo nilipoamini kwamba Mungu ana macho," aliniambia. "Kwa sababu yule mama alikuwa nayo." Miaka yote aliyofundisha kipaimara, wiki ile ya neno la sikioni alikuwa hali vizuri, anazunguka ndani anawafikiria vijana wake, na mimi najipikia chai mwenyewe bila kunung'unika.

Mwaka huu mambo yakawa mengine. Shuleni kwao ilikuja semina ya akili mnemba. Mtaalamu, shati limenyooka hasa, akawaonyesha walimu jinsi programu ya simu inavyoandaa somo, inavyotunga mtihani, inavyosahihisha. Mke wangu akarudi uso unang'aa. Simlaumu. Mtu amesahihisha madaftari mpaka macho yanamwasha, leo umpe msaidizi asiyechoka, halafu umtegemee akatae? Mzigo ulipungua, tukaanza kula chakula pamoja, na mimi nilikuwa wa kwanza kuishangilia ile programu.

Ikatoka kwenye jiografia ikaingia kwenye kipaimara. Kila wiki aliwatumia vijana swali kwa sauti yake kwenye kundi la simu. Wao walijibu kwenye daftari, wakapiga picha ukurasa, wakatuma. Programu ilizisoma zile picha, ikatoa alama na kuandika maoni yake: vizuri sana, umeielewa neema, endelea hivyo hivyo. Mke wangu kazi yake ilikuwa kubonyeza tu, na mara nyingine alibonyeza huku anakoroga mboga.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana mrefu, mkimya, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Wenzake walimwita Kifutio. Alikuwa akiandika na kufuta, kuandika na kufuta, mpaka karatasi inatoboka. Nyimbo zote za kanisani alikuwa nazo kichwani, ubeti kwa ubeti, na kitabu hakifungui. Majibu yake ya kila wiki yalikuwa yakipata alama za juu kuliko ya wote. Siku moja nilimtania, "Wewe binti, hicho kifutio chako kinakula kuliko ng'ombe." Alicheka kwa adabu akaingiza daftari kwenye mkoba.

Ngoja nikwambie sasa hivi, maana sipendi kumzungusha mtu: Kifutio alikuwa hajui kusoma. Herufi alizijua moja moja, kama mtu anavyozijua sura za majirani ambao hajawahi kusalimiana nao, ila zikikaa pamoja zinamchanganya. Alikuwa amepanda madarasa kwa nguvu ya masikio yake, na masikio hayo hayakosi kitu. Swali la mke wangu alilisikiliza. Jibu alilitoa mwenyewe, kwa mdomo wake na akili yake, na simu ya mama yake ikaligeuza maandishi. Kisha akaketi kulichora kwenye daftari herufi kwa herufi, akikosea anafuta. Baada ya hapo simu ya mke wangu ikasoma kilichoandikwa na simu ya mama yake, ikampa alama. Katikati ya simu mbili alikuwapo mtoto, na hatukumwona. Tulimpa jina la shida yake yenyewe, tukalicheka, na shida tusiione. Haya tuliyajua baadaye, wakati hayatusaidii.

Jumamosi ya kuamkia neno la sikioni, mke wangu aliketi meza ya jikoni na simu yake. Mwaka huu hakuzunguka ndani. Aliiambia programu impe baraka fupi za kunong'ona, moja kwa kila kijana, ziguse moyo. Programu ikamwomba amweleze kila mmoja alivyo. Akaanza kuandika haraka haraka: huyu mpole, huyu mtundu, huyu anapenda mpira. Kwa Kifutio aliandika maneno mawili: anafuta sana. Mara zikatoka, zimepangwa vizuri, na kweli zilikuwa nzuri. Akazinakili, nami nikachukua mkasi nikamkatia vikaratasi vya kuingia kwenye kitabu chake cha nyimbo.

"Mwalimu," nikamwambia, "unagawa bahati nasibu?"

Akacheka. "Mungu anatumia chochote, baba watoto. Alimtumia hata punda."

"Sawa, lakini yule punda alimwona malaika kwa macho yake."

Tukacheka wote wawili, nikaendelea kukata. Nilidhani nimetoa mzaha mzuri, na niliurudia moyoni mara mbili tatu kwa kujisifu.

Kikaratasi cha Kifutio nilikisoma kabla sijakikunja. Kilisema: "Kuna jambo unalifuta kila siku ili watu wasilione. Mungu amekwisha kuliona, wala hakuonei aibu." Nikamwonyesha mke wangu. "Hili zuri," akasema, akashika linalofuata.

Jumapili ile kanisa lilikuwa kama kwenye msiba, kwa machozi. Vijana waliinuka pale mbele macho mekundu, wazazi nao wakalia bila hata kujua wameambiwa nini. Mchungaji alisema tangu aanze utumishi hajaona neno la sikioni lenye upako wa namna ile. Mke wangu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kifutio alipopata lake hakuinuka. Alikaa vile vile magotini, mpaka mzee wa kanisa akamshika kiwiko taratibu kumwondoa.

Jumatano Kifutio alimfuata mke wangu pale ukumbini, mke wangu akiwa anapanga viti. Mazungumzo yenyewe mke wangu alinieleza Jumapili iliyofuata, akiwa hawezi kunitazama, kwa hiyo nayaleta kama alivyoyatoa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko huku siku ya leo?"

"Mwalimu, ulijuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, "Nilijua nini?" Maneno mawili, hayana gharama. Lakini yule mtoto alikuwa anamtazama kwa namna ambayo yeye mwenyewe, zamani, alimtazama yule mkunga. Mke wangu aliniambia kwamba ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuumiza kulisema, kwamba ilikuwa tamu.

"Mwalimu huona," akamjibu.

"Kumbe ulikuwa unajua siku zote, na hukunisema mbele ya wenzangu." Mtoto akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Nimemwambia mama, tumelia sana. Sasa Mwalimu, Jumapili nifanyeje? Askofu akinifungulia Kitabu?"

Kanisani kwetu, kabla ya kuwekewa mikono, kila kijana anapanda mimbarani, Askofu anafungua Maandiko popote, anaweka kidole, na kijana anasoma kwa sauti. Huwezi kujiandaa. Mke wangu aliposikia swali hilo akapumua. Akasema moyoni, kumbe ni woga tu wa kusimama mbele za watu, na woga una dawa yake.

"Usihangaike kabisa," akamwambia. "Wewe simama, tazama ukurasa, fungua mdomo. Mungu mwenyewe atakufungulia."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Yule binti akaondoka, na mke wangu aliniambia alitoka pale anaruka ruka.

Jumapili ya Askofu kanisa lilijaa mpaka nje. Vijana walivaa nyeupe. Gauni la Kifutio lilikuwa bora kuliko yote, mama yake alilishona kwa mkono wake, mikunjo midogo midogo kifuani. Nilikaa benchi la pili na mke wangu, mahali pa mwalimu. Walipanda mmoja mmoja. Mmoja alisoma mbio utadhani anadaiwa, mwingine kwa sauti ya mbu, Askofu akawa anatabasamu tu.

Kifutio alipanda huku uso unameremeta. Askofu alifungua Kitabu, akaweka kidole. Mtoto akainama, akatazama ukurasa, akafungua mdomo kama alivyoambiwa. Akasubiri. Nilidhani anavuta pumzi.

"Soma, binti yangu," Askofu akasema.

Akasogeza uso karibu zaidi na ukurasa. Kidole chake kikaenda chini ya neno la kwanza kikakaa pale. Nyuma mtu akakohoa. Kisha akainua kichwa, akatutafuta benchi la pili, akamwona mke wangu, akasema taratibu, na maiki ikachukua kila kitu:

"Mwalimu, bado."

Askofu akamwinamia.

"Aliniambia nifungue mdomo, Mungu atanifungulia nisome," akamweleza Askofu. "Bado hajanifungulia."

Vijana wa nyuma walicheka. Si wote, lakini walitosha. Kicheko kilipokatika kila mtu alielewa alichokisikia, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi. Mke wangu aliangalia viatu vyake. Nilimgusa kiwiko ainuke, aende pale mbele asimame na mtoto wake, aseme lolote. Hakuinuka. Nami ningeweza kuinuka mwenyewe, miguu ninayo, na sikuinuka. Macho ya yule mtoto yalikaa juu yetu mpaka yakachoka.

Askofu ni mtu mwema. Alifunga Kitabu akamwuliza kama kuna mahali anapopajua kwa moyo. Mtoto mwenye nyimbo zote kichwani akatikisa kichwa, hana. Askofu akamwekea mikono hivyo hivyo, akamwombea kwa sauti ndogo, bila maiki. Kifutio aliteremka akapita viti vya wenzake, akaenda kukaa kwa mama yake mwisho kabisa wa kanisa. Wakati wa picha hawakuwapo.

Tulifika nyumbani, mke wangu akakaa kitandani na viatu. Hapo ndipo aliponieleza ile Jumatano. Alipomaliza nikasema, "Twende kwao."

"Kesho. Leo wana uchungu."

"Leo, kabla hujaanza kutafuta maneno mazuri."

Nilimsema kwa ukali ulionistahili mimi zaidi kuliko yeye. Aliitoa simu kwenye mkoba, akaiacha mezani, tukatoka.

Chumba cha mbele cha yule mama ndicho karakana yake. Cherehani iko mlangoni panapoingia mwanga, vitambaa vimepangwa kwenye rafu, na sakafuni nyuzi za kila rangi. Alitukaribisha bila kinyongo, na mimi nilitamani angetufukuza. Alipangusa viti kwa kanga yake, akamshika mke wangu mikono miwili.

"Mwalimu, mimi nakushukuru," akasema. "Ya leo yamepita. Huyu shule nzima hawakuijua shida yake, na mimi mwenyewe kusoma sikubahatika, ningemsaidia nini? Wewe peke yako uliona, ukamsitiri, ukamwambia Mungu hamwonei aibu. Tangu siku ile hajaigusa simu yangu imwandikie. Alisema sasa nimeshajulikana, naweza kujifunza."

Kifutio alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, bado na gauni jeupe. Mke wangu akainuka, akamwendea, na kwa mazoea, au kwa woga, sijui, akamwekea mkono begani na kuinama kumsemesha sikioni.

Mtoto akaliziba sikio kwa kiganja.

"Sema kwa sauti, Mwalimu. Mama naye asikie."

Basi akasema kwa sauti. Kwamba hakujua. Kwamba Jumatano alidhani ni woga, akajifanya anajua kwa sababu alipenda kutazamwa vile. Kwamba lile neno lilitungwa na programu ya simu, naye alichoiambia programu ni kwamba anafuta sana, basi. Kwamba majibu yake ya mwaka mzima hakuyasoma hata moja. Nikaongeza kwamba vikaratasi nilikata mimi. Hakuna aliyeniuliza, ila nilishindwa kukaa pale kama mgeni.

Mama akarudi kukaa kwenye cherehani yake, mikono juu ya kitambaa, hashoni.

"Kwa hiyo hukujua," akasema.

"Sikujua, mama."

"Na mimi nilikuwa nakuombea kila asubuhi."

Kifutio alikuwa bado ameziba sikio. "Nililala nalo wiki nzima," akasema. "Nilidhani ni Mungu."

"Mungu anakujua, mwanangu. Hilo ni kweli. Mungu anakuona na anakupenda."

"Na hilo nalo limetoka kwenye simu?"

Nilikumbuka vikaratasi nilivyokata, na maneno hayo hayo yalikuwamo kwenye karibu kila kimoja. Ni maneno ya kweli, na ndiyo imani yetu yote, kwamba Mungu hakututumia salamu akakaa zake mbali, alikuja mwenyewe kututazama. Lakini mdomoni mwa mke wangu, mchana ule, hayakuwa na pa kusimama. Akakaa chini sakafuni, kwenye nyuzi, mwanamke mzima na nguo za kanisani, akalia kwa sauti. Mimi nilitazama rafu ya vitambaa.

Kisha Kifutio akashusha mkono. Akaja mbele ya mke wangu, akakusanya gauni lake lisichafuke, akapiga magoti.

"Nipe langu," akasema. "La kwangu bado sijapewa."

"Sina, mwanangu."

"Lazima liwepo. Kila mtu anapewa."

Mke wangu akaweka mkono juu ya kichwa chake. Nilijua anatafuta, nikajua pia kwamba hapati, kwa sababu alichonacho juu ya mtoto yule ni maneno mawili tu. Alimtazama usoni muda mrefu. Hakuinama sikioni.

"Nimekufundisha mwaka mzima," akasema kwa sauti, "na sikukuona."

Kifutio alibaki magotini, akilisikiliza kwa yale masikio yake yasiyokosa kitu. Mama yake naye alisikiliza.

"Hilo ni langu," akasema mtoto.

Akainuka, akajipangusa nyuzi magotini, akaenda kuchukua kiti kimoja akakisogeza dirishani penye mwanga. Kisha akaleta daftari lake akaliweka pale, akasimama pembeni yake akimsubiri Mwalimu ainuke.